Mwezi wa Ur

Nikisema "Kuna mji," nyinyi itikieni "Ulikuwepo." Haya, kuna mji!

Ulikuwepo!

Mmeitika kivivu, ila nawasamehe, maana hadithi yenyewe si ya kuchekesha. Anayetaka kucheka aende kwa wengine.

Walikuwepo watu watatu hapa Kilosa, kila mmoja na kipaji chake. Siwatu, mwalimu wa kujitolea, kichwa chake kimejaa mambo ya kale. Muulize wafalme waliokufa miaka elfu nne iliyopita, atakutajia kama anataja shangazi zake. Mshamu, mpakiaji wa magunia kwenye mashine yangu ya kusaga, akiiamrisha kompyuta inatii. Na Zamda anachora mabango ya maduka; akikuchorea kuku ukutani, utatamani kumtupia punje.

Kompyuta ilikuwa moja, yangu mimi, chumba cha nyuma ya mashine. Hawakuwahi kuikalia pamoja. Mshamu alikuja alfajiri kabla sijawasha mashine, Zamda mchana tukipumzika, Siwatu jioni nikishafunga. Wakawa wanaachiana maneno kwenye kaunta buku moja.

Kazi yao ilikuwa hii. Kuna gemu ya kompyuta ya kujenga miji na kupigana, na wenye gemu wanamruhusu mchezaji aongeze himaya zake mwenyewe. Watatu hao wakachagua nchi ya kati ya mito miwili, Hidekeli na Frati, kwa wale watu wa zamani walioandika kwenye udongo. Nikawauliza, "Kwani mmekosa miji ya kwenu?"

Siwatu akanijibu, "Bi Mkubwa, hii imekufa yote. Haina wa kuidai."

Siwatu alitoa neno. Kila mji ulitakiwa uwe na kinga yake vitani, naye akaandika kwenye kaunta buku: Uruk, kinga: ukuta. Babeli, kinga: mto. Ur, kinga: mwezi. Watu wa Ur waliuabudu mwezi wa angani, na yeye alitaka mji huo usiingilike kabisa, adui akiuzingira mwezi umtie kiwewe arudi kwao.

Mshamu alitoa amri. Alfajiri akasoma: mwezi. Katika gemu hiyo kila zamu ni mwezi mmoja. Akajikuna kichwa, akasema mwalimu hakosei, akaiamrisha kompyuta hivi: Ur ikizingirwa, ukuta ushike mwezi mmoja, kisha ufunguke wenyewe. Hata uweke askari elfu, utafunguka. Lo! Mwezi wa angani ukageuka mwezi wa kalenda, na mwenye neno hakujua.

Zamda alitoa kilio, na hapa mnivumilie. Mama yake, Bi Hadia, shoga yangu tangu tulipochezwa unyago pamoja, alikuwa mgonjwa wa kitandani. Hospitali walishasema: mwezi mmoja, zaidi ya hapo ni la Mungu.

Zamda ndiye pekee aliyeliona kosa, kwa sababu alikuwa ameagizwa achore mwezi mchanga juu ya mnara wa Ur. Akaujaribu mji, ukaanguka. Akaujaribu tena, ukaanguka. Mstari mmoja tu kwenye kaunta buku na Mshamu angerekebisha. Hakuandika. Akauchukua video kwa simu yake ule mji unavyoanguka, akaenda kumwonyesha mama.

Bi Hadia akatazama milango ikifunguka na watu wakitoka na vyungu kichwani. "Hawa wanakwenda wapi?"

"Mji wao umekwisha, mama."

"Na hakuna wa kuulilia?"

"Ni gemu tu, mama."

"Gemu, gemu! Mji wa watu hauondoki kimya hivyo, nyie hamkufundwa?"

Akajiinua, akaulilia Ur kama anavyoliliwa mtu msibani. Nyumba yangu, nani atakufagia? Kizingiti changu, nani atakuvuka? Zamda akarekodi. Siku ya tisa baada ya hapo tukamzika Hadia. Arobaini ilipopita, Zamda akaitia sauti ile kwenye gemu, na tangu hapo Ur ikianguka, shoga yangu analia.

Walipoitoa himaya yao kwa wachezaji, wiki ya kwanza yalikuja matusi. Mji gani huu hauokoleki? Siwatu akasema yeye aliandika sawa. Mshamu akasema yeye alifuata maandishi. Zamda akaendelea na mabango yake.

Kisha mambo yakageuka. Watu wa nchi nisizozijua wakawa wanajenga Ur makusudi, wanajua itaanguka, ili waukae huo mwezi. Mmoja aliandika kwamba hakuweka askari hata mmoja, alipanda bustani tu.

Ikaja barua ya wenye gemu. Wanamtaka mtu aliyebuni anguko la Ur, akasomee kazi kwao mwaka mzima kisha wamwajiri. Nafasi ni moja. Jina lifike kabla ya Ijumaa mchana. Hapo ndipo lawama iliyokosa mwenyewe ikawa sifa yenye wenyewe watatu.

Kwa mara ya kwanza wakaingia chumbani mle wote pamoja.

"Bila neno langu hakuna kitu," Siwatu akasema. "Miaka sita nafundisha watoto wa watu sina ajira. Mnataka nizeekee ubaoni?"

"Neno lako lingeifanya Ur ishinde kila vita, na nani angeililia?" Mshamu akamjibu. "Mimi ndiye niliyeiangusha. Na mgongo huu hauna magunia mengine."

"Uliiangusha kwa kutojua kusoma!"

"Na wewe kwa kutojua kuandika!"

Zamda akasema, "Kosa mlilifanya wote, mkalikana wote. Mimi nililiona nikaliacha kwa kujua. Na sauti ni ya mama yangu. Akienda mwingine, naitoa."

"Ukiitoa, hawatamtaka yeyote," Siwatu akasema.

"Basi asiende yeyote."

Mshamu akashusha sauti. "Zamda, mama aliulilia mji. Angelilia nini kama mimi nisingeubomoa?"

Zamda akaangua kilio, na mimi mlangoni machozi yakanitoka. Ndipo wakanigeukia. "Bi Mkubwa, kompyuta ni yako. Andika jina wewe."

Mimi! Mshamu amenibebea magunia miaka minane. Siwatu ndiye aliyemfundisha mjukuu wangu kusoma. Na Hadia, je? Jana mchana nilijifungia mle, nikaujenga ule mji ninavyojua mimi. Adui akaja, mwezi ukaisha, ukuta ukafunguka, nikamsikia shoga yangu akiuliza nani atakufagia. Nikashindwa kuwasha mashine. Watu na mahindi yao walinisubiri nje mpaka alasiri, na juu ya hayo nikawafokea.

Leo ni Alhamisi. Kesho kabla ya swala nitaandika jina moja. Siwatu asipokwenda, atarudi ubaoni. Mshamu asipokwenda, atarudi kwenye magunia. Zamda asipokwenda, atarudi kwenye nyumba ambayo sasa anaifagia peke yake.

Kuna mji!

Mbona safari hii hamwitikii? Basi nijibuni hili, kwa sababu mimi limenishinda. Kuna aliyetoa neno, kuna aliyelikosea, na kuna aliyeliona kosa akalitia sauti ya mama yake. Je, wewe ungeandika jina la nani?