Uso wa Mpishi Nyuma ya Aya

Haya, kaeni vizuri, na mwenye kutafuna atafune polepole, maana leo nawaletea kesi, na mahakimu ni nyinyi wenyewe.

Hapa Unguja, mtaa wa Malindi, palikuwa na watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Hidaya alikuwa na jicho. Kazi yake kuwapamba maharusi mikono na miguu kwa piko, na mstari uliopigwa kwa mkono na uliopigwa kwa mashine haikumchanganya hata siku moja. Mzee Idarusi alikuwa na ulimi. Huyo akilitaka koti ulilolivaa, utalivua huku unamshukuru. Na Nassor, fundi saa, alikuwa na mkono. Jamani, mkono wa Nassor haujui kutetemeka.

Wote walikuwa majirani wa Bi Echati binti Mmadi, Mngazija, mwalimu wa Kifaransa aliyestaafu. Mpole wa watu, ila ana wazimu wake mmoja: michoro. Si picha yoyote tu. Alitaka michoro ya wino ya Wafaransa wa zama zile walipochoka kuchora kila unywele na kila ukucha, wakawa wanapiga mistari michache tu na mtu unamwona kakaa mbele yako. Tena alitaka yenyewe hasa, iliyoguswa na kalamu ya mchoraji, si ya kupigwa chapa.

"Bi Echati, si ndiyo haya anayochora mjukuu wangu ukutani?" majirani walimtania. Naye hucheka nao, kisha akautundika mchoro wake.

Mnauliza michoro hiyo ilifikaje Unguja? Mabaharia wetu waliokaa Marseille waliwapikia wachoraji wenye njaa, na mchoraji asiye na kitu hulipa alichonacho. Ikaja ndani ya masanduku, pamoja na sabuni na mashati. Mmadi, baba yake Bi Echati, alikuwa mpishi huko. Alifia hukohuko, binti yake angali tumboni, na hakuacha picha hata ya pasipoti. Ilisemwa tu kwamba mchoraji mmoja, Lucien Varade, aliwahi kumchora.

Basi Bi Echati aliutafuta uso huo tangu nywele zake zi nyeusi. Sasa macho yenyewe yanamzimikia. Daktari kamwambia jicho moja limeshakwenda, na la pili liko njiani. Ndipo akaweka nadhiri: "Atakayenionesha uso wa baba yangu kabla sijawa kipofu, nitampa mchoro wangu wa paka." Na paka yule, kazi ya Varade huyohuyo, Bi Echati alimpenda kuliko michoro yake yote.

Siku moja Hidaya alikwenda kumpamba mjukuu wa Bi Moza, mjane wa baharia. Chumba cha kusalia kilikuwa kinapakwa chokaa, na fremu ya Ayatul Kursi imeshushwa, imeegemezwa ukutani. Hidaya akaiona fremu nene mno. Karatasi ya nyuma ilichanika pembeni, na kwenye tundu ukachungulia mstari wa wino, kama shavu la mtu: umeanza mnene, umeishia mwembamba pale mkono ulipoinuka. Bibi harusi alipokwisha kupambwa tu, mbio hadi kwa Bi Echati.

"Bi Echati! Nyuma ya aya ya Bi Moza mna mtu!"

Lakini Bi Moza hataki kusikia. "Fremu hii aliifunga marehemu kwa mikono yake. Haifunguliwi."

Akatumwa Mzee Idarusi. Hakuitaja fremu, wapi! Alikunywa kahawa, akamsifu marehemu, akamchekesha mjane, akamliza, akamchekesha tena. Mwisho Bi Moza mwenyewe akasema kwamba mchoro ule ni amana. Mumewe alipewa awapelekee wenyewe, jamaa wa mpishi mmoja wa Marseille, akakuta wamehamia Pemba. Uso wa mtu hautundikwi chumba cha sala, na kuutupa hakuthubutu, basi akauweka nyuma ya aya, pahala salama kuliko pote nyumbani mwake.

"Na amana hiyo, Moza, unataka marehemu aulizwe yeye huko aliko?" Idarusi akauliza taratibu.

Bi Moza akafuta machozi. "Chukueni. Lakini aya ikichanika, msinisalimie tena."

Sasa kazi ikawa ya Nassor. Karatasi zile mbili ziligandishwa mgongo kwa mgongo kwa uji wa ngano, na maji hayatiwi, wino utachuruzika. Ukichanika upande huu, Bi Moza analia. Ukichanika upande ule, Bi Echati hana baba. Nassor akachukua kijisu chake cha saa, akawa anapumulia pembeni, anazibandua kidogo kidogo. Zikaachana nzima, zote mbili.

Bi Echati akausogeza mchoro kwenye jicho lake lililobaki. Kofia, paji la uso, pua pana, mdomo unaotaka kucheka. Chini, kwa Kifaransa: "Mmadi, mpishi wetu." Akajishika pua. "Kumbe hii nimeitoa kwako!" Akalia, akacheka, kisha akasema neno ambalo hajapata kulisema maishani mwake: "Shikamoo, baba."

Jioni aliwaita watatu wale kula mkate wa kumimina, paka wa wino kampakata. "Wanangu, nawe mzee wangu, sina maneno. Mungu awape mnachokitaka. Lakini nadhiri ni moja, na paka ni mmoja. Nimpe nani?"

"Mpe Nassor," akasema Hidaya. "Mimi niliona tu."

"Mimi?" Nassor akashtuka. "Bila Mzee Idarusi ningebandua nini?"

"Mimi nilikunywa kahawa tu, tena tamu," akasema Idarusi. "Mpe Hidaya."

Bila jicho, Mmadi asingejulikana alipo. Bila ulimi, asingetoka. Bila mkono, angetoka vipande. Nadhiri haikatwi kwa mkasi, na hakuna anayekubali kumpokea paka. Bi Echati akawatazama mmoja mmoja, kwa karibu, jicho linamlengalenga machozi.

"Amueni upesi, jamani," akasema. "Nataka nimwone atakayepewa anavyofurahi."

Haya, mahakimu, mmesikia, na jicho la mama wa watu halingoji. Paka aende nyumba ya nani?