Kiboko na Kufuli la Mandhari

"Naileta!"

"Ilete!"

"Nikiileta, mtaiweka wapi?"

"Masikioni!"

"Basi ishikeni vizuri, maana ina msiba ndani yake."

Hapo kale, tena si kale sana, kila mnyama alikuwa na tovuti. Na kila tovuti ilivaa mandhari, yaani rangi zake, herufi zake na picha zake. Mandhari za kugawiwa ziliwekwa Ghalani, na mlinzi wa Ghala alikuwa Bi Korongo.

Mama yake Kindi, jina lake Mwanakheri, alitengeneza mandhari nzuri mno, akaipa leseni huria. Leseni ilisema: tumia, geuza, gawa, ila usifute jina la aliyeitengeneza, na ukiigeuza, nayo iwe huru vilevile. Alipougua, akampa jirani yake Kiboko nakala pekee aifikishe Ghalani. Mwanakheri akafa. Kiboko hakuifikisha.

Alifanya nini? Alibadili rangi. Akafuta jina. Akatia kufuli, kwa!

"Ni yangu," akasema. "Anayeitaka aniletee bunda la majani kila asubuhi."

Digidigi aliitaka. Tovuti yake iliwaambia ndugu zake ni kisima kipi kina maji. Akaleta majani leo, akaleta kesho, akaleta keshokutwa. Siku ya nne aliamka na homa, akachelewa. Kufuli likalia, kwa! Tovuti ikazimika. Ndugu zake wakaenda kwenye kisima kilichokauka, na mwanawe wa kwanza hakurudi.

Kindi alizika pamoja nao. Kisha akaenda kwa Bi Korongo.

"Shikamoo, Bibi. Kiboko ameiba kazi ya marehemu mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole. Lakini kilicho nje ya Ghala sina mkono nacho."

Kindi akafuta machozi kwa mkia, akashuka mtoni.

"Mzee Kiboko, wanaokujua ni wa mto huu tu. Ukiiweka mandhari yako Ghalani, utajulikana nyika nzima."

Kiboko akatoa masikio majini. "Nyika nzima iniletee majani?"

"Nyika nzima itakujua, mzee. Kuna masharti lakini. Nikusomee?"

"Mimi nisomewe? Masharti ni ya wadogo! Peleka!"

Kindi akapeleka. Bi Korongo akaikagua, akairudisha. "Bado. Ina kufuli."

"Mzee, wanataka kufuli litoke. Nikusomee sababu?"

"Usinisomee! Toa!" Kufuli likatoka, kwa!

Kindi akapeleka. Bi Korongo akairudisha. "Bado. Haina jina la aliyeianza."

"Mzee, wanataka jina la aliyeianza. Nikusomee sababu?"

"Usinisomee! Andika!"

Kindi akaandika: Mwanakheri. Akaliandika polepole, herufi kwa herufi.

Akapeleka. Bi Korongo akairudisha. "Bado. Mwenye kuleta akubali leseni huria kwa vyote vilivyomo, picha na herufi pia."

"Mzee, wanataka ukubali. Mara hii nakusihi, nikusomee."

"Umenichosha! Nibonyeze wapi?"

Akabonyeza kwa mguu wake mzima, gubu!

Asubuhi Kiboko alipanda ukingoni kungoja majani. Akangoja. Hakuja mtu. Akaenda Ghalani mbio, ardhi ikilia gubu, gubu, gubu.

"Majani yangu yako wapi?"

"Umeitoa huru," akasema Bi Korongo. "Hakuna anayedaiwa."

"Basi nirudishieni!"

"Leseni ikishatolewa hairudishwi. Wanyama mia tatu wameshaichukua."

Kiboko akageuka, gubu, gubu. Akarudi majini.

Digidigi aliifungua tovuti yake, akaandika kisima chenye maji. Chini kabisa ya ukurasa lilikuwapo jina la Mwanakheri. Digidigi akalitazama kitambo, kisha akawaongoza watoto wawili waliobaki wakanywe. Kindi alikwenda nao, ingawa hakuwa na kiu.

"Imekwisha!"

"Imetufika!"

"Anayeitaka aende nayo. Na funzo lake, wanangu, ni hili: kamwe msisome masharti. Yanaumiza macho, na wakubwa hawayasomi. Mtazameni Kiboko: hajasoma hata moja, na hadi leo hakuna mtoni aliye mnene kama yeye."