Nyusi za Feruzi

Wahenga walisema mwenye pupa hadiriki kula tamu. Maana yake ni nyepesi: mtu asiyejua kungoja huinuka mkekani sahani ikiwa bado njiani, kisha akamlaumu mpishi. Mjini Kisangani methali hii inajulikana na wengi, na Feruzi aliijua kuliko wote, kwa sababu dada yake Mwanahamisi alimwimbia tangu alipoota meno. Lakini kuijua methali na kuitii ni mambo mawili, na Feruzi alikuwa hodari wa lile la kwanza tu.

Alikuwa dereva wa pikipiki ya abiria, kijana wa miaka ishirini na minane, mwenye masharubu aliyoyachana kila asubuhi na nyusi nzito zilizompendeza mno. Alimeza chakula kabla hakijapoa, akajibu maswali kabla hayajaisha. Abiria akisema "nipeleke Ma..." Feruzi alikwisha kata kona kuelekea Makiso, kumbe mwenzake alitaka Mangobo. Hakuwa na ubaya wowote moyoni. Moyo wake ulikuwa mweupe, ila ulikosa breki.

Moyo huo ulikuwa umetua Banalia, kwa Ramla binti Waziri. Posa ilikwisha haribika mara mbili. Mara ya kwanza Feruzi alisimama njiani kununua petroli, akaondoka mbio, akafika Banalia na kugundua kwamba amemsahau mshenga wake kwa muuza petroli. Mara ya pili alikata njia ya mkato msituni ili awahi, wakatokea kesho yake wakiwa na matope hadi masikioni. Papa Waziri, mzee aliyezoea kuona mambo yakifanyika kwa saa yake, alituma neno la mwisho: waje Jumamosi, wawe wamefika sala ya alasiri ikiisha. Wakikosa mara hii, wasisumbuke tena, kwani kuna mfanyabiashara wa Isangi ambaye naye amekwisha leta salamu.

Kwa hiyo Jumamosi hiyo Feruzi aliamka na giza. Alitaka pikipiki ing'ae hata Papa Waziri ajione ndani yake. Akaiteremsha kwenye mto Tshopo, mahali ambapo madereva wote huoshea, akaisukuma majini mpaka kiti kikalowa. Muda mfupi kabla ya hapo alikuwa amefungua tangi kuangalia petroli. Kifuniko alikirudisha juu tu, hakukizungusha, maana kukizungusha kungemla sekunde mbili nzima.

Pikipiki ilitoka mtoni iking'ara. Ikaenda hatua mia tatu, ikakohoa, ikatikisika, ikazima. Feruzi aliikanyaga hadi kiatu kikatoka, wapi. Ilibidi aisukume mpaka Mangobo, kwenye kiwanja cha fundi Falonne.

Falonne alikuwa mama wa makamo aliyerithi spana za marehemu mumewe na kuwapita mafundi wengi wa kiume. Alikuwa na sifa mbili: kazi yake hairudi, na hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. Asubuhi hiyo alikuwa tayari na mteja mmoja, Jeancy, dereva mnene mwenye utulivu, ambaye alikuwa ameuziwa petroli yenye maji na muuza chupa wa barabarani. Jeancy naye alikuwa aende Banalia na mzigo wa duka. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, anakula mikate ya kukaanga mmoja baada ya mwingine, kama mtu aliyealikwa.

Falonne alichota petroli kidogo ya Feruzi katika chupa nyeupe, akaiacha itulie, akamwonyesha. Petroli ilielea juu, na chini yake maji yalikuwa yamekaa peke yake, meupe, robo ya chupa.

"Feruzi, hii tangi yako iko na mai mingi," alisema. "Hata samaki inaweza kuzalia humu."

"Bon, maman, tunafanya nini? Mi niko na haraka. Ni posa yangu leo."

"Tunatoa yote, tunasafisha, tunakausha. Kisha unaenda."

Alianza kazi, na Feruzi alidhani atazimia kwa kungoja. Kwanza Falonne alibeba matangi yote mawili hadi uwazi wa nyuma, mbali na jiko la muuza mikate. Akamwomba mpita njia mmoja apeleke sigara yake kwingine. Alikuwa amekwisha funga koki na kuchomoa mpira. Sasa alimimina petroli mbovu kwenye jerikeni la chuma kupitia faneli, bila kumwaga hata tone. Akatia kikombe cha petroli safi, akatikisa, akamwaga, akarudia. Kisha aliyainamisha matangi juu ya magogo mawili, midomo wazi, upepo wa mto uingie na kutoka.

"Saa tano mutaondoka," alisema akijifuta mikono. "Upepo njo fundi sasa. Miye naenda soko kutafuta mpira mupya wa kifuniko yako, ile ya zamani imekufa. Musiguse kitu."

Ilikuwa saa mbili. Banalia ni mwendo wa saa nne, barabara ikiwa na huruma. Ukitoka saa tano, unafika saa tisa, unatawadha, unaswali, unakaa kwenye mkeka na heshima zako. Mtoto wa darasa la pili angeona kwamba hesabu inakubali.

Feruzi hakuona. Kila dakika tano aliinuka, akatia kidole ndani ya tangi, akakinusa. Je, gurudumu likipasuka? Je, mvua ikinyesha? Akilini akamwona yule mtu wa Isangi amekaa mahali pake mkekani, anacheka na Papa Waziri.

"Kaa chini," alisema Jeancy. "Ukiiangalia, haikauke mbio."

"Wewe unaenda kuuza sabuni. Miye naenda kuoa."

"Alors kaa vizuri zaidi," alisema Jeancy, akafumba macho.

Jeancy alipoanza kukoroma, Feruzi alilikumbatia tangi lake na kutoweka. Nyumba tatu mbele palikuwa na saluni ya dada yake, na ndani ya saluni mashine ya kukaushia nywele. Kama inakausha kichwa cha mama mzima kwa nusu saa, alijiambia, kibati hiki kitachukua dakika tano. Alijiona ana akili kuliko mji wote.

Umeme ulikuwa umekatika. Watu wengi mtaani walikuwa wakilalamika, lakini nadhani malaika wa Feruzi ndiye aliyeukata, na baada ya hapo akaenda kupumzika. Kwani umeme ukikosekana Mwanahamisi hupasha vitana vya chuma kwenye jiko la makaa, na jiko lilikuwa mlangoni, jekundu. Mwanahamisi mwenyewe alikuwa anasuka nywele za mwalimu mmoja, upande mmoja umekwisha, upande wa pili umesimama wima.

"Feruzi, hiyo ni nini? Toa hiyo kitu karibu na moto."

"Iko wazi, dada. Hakuna essence, hakuna petroli hata tone moja. Nakausha mai tu, dakika mbili."

Akaliinamisha tangi juu ya makaa, akatia uso karibu aone maji yanavyokimbia.

Tangi lilipumua. Hapakuwa na mlipuko wa kutisha kama wa vita, ila pumzi moja nzito, na ulimi wa moto wa samawati ukatoka mdomoni mwa tangi, ukamlamba Feruzi usoni, ukarudi. Feruzi alilirusha tangi, likagonga kizingiti, likabonyea na kupasuka kwenye mshono. Mwalimu aliondoka na kichwa chake nusu kwa nusu, na walioshuhudia wanasema hakupunguza mwendo mpaka kanisani. Mwanahamisi alimmwagia ndugu yake beseni zima la maji ya kuoshea nywele.

"Unaona? Feruzi, unaniona?" Sauti yake haikuwa ile ya kuimba methali.

"Nakuona, dada."

Alimgeuza uso huku na huku. Ngozi ilikuwa nzima, imewiva kidogo tu. Lakini nyusi zote mbili zilikuwa zimekwenda, pamoja na nusu ya masharubu, upande wa kulia. Hapo Mwanahamisi alikaa chini, akalia kidogo, kisha akacheka mpaka akashika mbavu.

Falonne alitokea na mpira mpya umefungwa kwenye kipande cha gazeti. Alimtazama Feruzi kwanza, tangi baadaye.

"Mushukuru Mungu," alisema. "Essence ilitoka, lakini mvuke yake ilibakia. Mvuke njo inawaka. Tangi ya wazi iko mubaya kuliko yenye kujaa, sababu ile yenye kujaa haina nafasi ya hewa. Nilisema musiguse."

"Maman, unaweza kuichomelea sasa hivi?"

Falonne alilisogeza tangi mbali na jiko. "Na moto tena? Unataka tuunguze nyusi ya nani sasa? Hiyo ni kazi ya siku tatu."

Saa tano kamili Tonton Amani, baba mdogo wa Feruzi na mshenga wake, aliwasili amevaa kanzu nyeupe, mkononi kifurushi cha vitambaa na sukari. Alikuta pikipiki ya Jeancy imefungwa tangi kavu, imetiwa petroli iliyochujwa kwa kitambaa, na imewaka kwa kanyagio la kwanza. Pikipiki ya mtoto wa ndugu yake ilikuwa imekaa bila tangi, na mwenyewe amekaa bila nyusi.

"Tonton, tutafute pikipiki ingine, twende wote," alisihi Feruzi.

"Na uso hii? Papa Waziri ataniuliza unaugua nini, na nitakosa jibu ya kusema mbele ya watu. Bakia. Miye nitapanda na Jeancy. Nitasema yenye naweza."

Wakaondoka polepole, kanzu ikipepea. Feruzi alibaki kiwanjani, akajua kwa uchungu kwamba maisha yake yote yamepanda juu ya pikipiki ya mtu mwingine. Usiku huo hakulala.

Jumapili alasiri walirudi. Mwanahamisi alikuwa amemchorea ndugu yake nyusi kwa wanja ili aweze kukaa na watu, lakini jasho la kungoja lilikuwa limezishusha hadi mashavuni. Tonton Amani aliagiza chai. Akainywa. Feruzi alikaa juu ya mikono yake.

"Tulifika saa tisa," alisema Tonton hatimaye. "Nilimwambia Papa Waziri kweli yote. Akaniomba nirudilie pale ya mwalimu na kichwa nusu. Alicheka mpaka kofia ikaanguka. Kisha akasema, posa nimekubali."

Feruzi aliruka, akapindua kikombe, akakimbilia mlango.

"Rudi. Sijamaliza." Feruzi alirudi. "Amesema, mutu mwenye hawezi kungoja saa tatu, angoje mwaka moja. Harusi itakuwa mwaka kesho, siku kama ya jana, nyuma ya alasiri. Na ukitokea Banalia mbele ya ile siku, hata kwa saa moja, binti anaenda Isangi."

Miezi kumi na miwili ilijipanga mbele ya Feruzi, mmoja nyuma ya mwingine, na hakuna hata mmoja wa kuuruka.

"Na Ramla?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Yeye alisema nini?"

"Ramla anasema yeye anajua kungoja. Anauliza kama wewe unajua."

Feruzi alifungua kinywa kujibu. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu aote meno, alikifunga na kufikiri.

Tonton Amani alitoa bakuli lililofungwa kwa leso, akalisukuma mbele yake. Ramla alikuwa amemwandalia vitumbua vya asali, kumi na viwili, kwa mkono wake mwenyewe. Feruzi alifungua leso. Ndani ya bakuli hamkuwa na kitu ila mng'ao wa asali.

"Wakati wa kurudi tulikwama kwenye matope saa mbili nzima," alisema Tonton akitazama pembeni. "Jeancy alisikia njaa. Miye pia. Vilikuwa vitamu, siwezi kukudanganya."

Feruzi aliinua bakuli, akalinusa kwa muda mrefu, asali ikamgusa pua, na wanja ukadondoka ndani yake. Mwanahamisi alifungua kinywa aimbe wimbo wake wa zamani, lakini ndugu yake alimtangulia, taratibu, neno baada ya neno: mwenye pupa hadiriki kula tamu.