Kasuku Aliyemkaribisha Chui

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa huko nyuma sijawasikia. Viazi mmekula vyote, sauti imekwenda wapi? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mmeamka. Hadithi ya leo ameitaka huyu Mbaruku hapa. Amekuja mchana kuniuliza: Bibi, kasuku anafaa kufugwa nyumbani? Ana faida gani, ana hasara gani? Nikamwambia, mwanangu, ngoja watu wakusanyike, jibu lako ni refu. Mkewe yule pale anacheka. Cheka tu, mama, nawe zamu yako inakuja.

Hapo zamani za kale, wakati chui bado ana adabu, porini kulikuwa na sheria moja. Huingii nyumba ya mwenzio bila hodi. Na hodi peke yake haitoshi, mpaka usikie karibu. Ukipiga hodi ukasikia karibu, unaingia. Ukipiga hodi ukasikia kimya, unarudi ulikotoka. Na aliyesema karibu, kasema. Hawezi kugeuka baadaye akalia kwamba mgeni amemla mjomba wake.

Wanyama wadogo waliishi kwa sheria hiyo. Chui akija, anasimama mlangoni.

"Hodi."

Kimya.

"Hodi wenyewe."

Jii.

"Hodi jamani, watu wapo?"

Watu wapo, tena wamejaa, wamebana pumzi. Chui anangoja kidogo, anasema samahani kwa usumbufu, anakwenda zake na njaa yake. Alikuwa mstaarabu sana siku hizo. Alikuwa pia amekonda sana.

Sasa palikuwa na Pimbi. Pimbi mnamjua? Yule mdogo wa kwenye majabali, mnene mnene, mkia hana lakini maringo anayo. Pimbi huyu alikuwa na mke, na mtoto wao mmoja tu wa kike, jina lake Siwatu. Kwa hiyo mke akaitwa Mama Siwatu, na yeye Baba Siwatu. Nyumba yao ilikuwa pango zuri chini ya jabali. Mbele lina mlango, nyuma lina upenyo wa kutokea, na ukutani lina ufa mwembamba, mkono wa mnyama mkubwa haupiti.

Mama Siwatu kazi zake zilikuwa kuchota maji, kuokota kuni, kutafuta chakula, kufagia na kulea. Baba Siwatu kazi yake ilikuwa kuota jua.

Msicheke. Kuota jua ni kazi. Asubuhi jua liko huku, unalalia ubavu huu. Mchana limehamia kule, unageuka. Jioni limekwenda, na wewe umechoka. Mama Siwatu alikuwa akimpitia hapo jiweni na mtungi kichwani, anamwambia:

"Baba Siwatu, bado umelala? Kuni hakuna, maji hakuna, mtoto atakula nini? Amka, mwanamume wewe."

"Mgongo unaniuma, mke wangu."

"Kila siku visingizio."

Ndivyo walivyoamkiana, asubuhi hata asubuhi.

Mgeni akija, Mama Siwatu anachungulia kwanza. Anatazama miguu. Akiona miguu ya Kobe, au ya Kanga, au ya Sungura, anaitikia karibu. Akiona miguu ya madoadoa, ananyamaza. Lakini akiwa kisimani, nani ataitikia? Pimbi yuko juani, hanyanyuki. Mgeni anapiga hodi mpaka koo linakauka, anaondoka. Njiani anasema, "Yule Pimbi ana dharau." Maneno yakamfikia Pimbi, yakamuuma. Alitaka asifiwe kwa ukarimu. Kuamka ndiko hakutaka.

Basi siku moja upepo ukavuma, vuuu, ukaung'oa mkuyu mmoja, pu. Katika mkuyu huo alikuwa akikaa Kasuku. Kasuku hana pa kulala. Akatua karibu na jiwe la Pimbi, akaanza kulia kama Kanga. Pimbi akageuza shingo, hakuna Kanga. Akalia kama Kobe anavyokohoa. Hakuna Kobe. Pimbi akaketi. Mara ya kwanza mwaka ule kuketi kabla ya adhuhuri.

Akamwita mkewe.

"Mama Siwatu, nimepata mtu wa kuitikia mlangoni."

"Huyu? Atakula nini?"

"Karanga kidogo."

"Karanga nani atazileta?"

Pimbi akatazama mawingu.

"Baba Siwatu, huyu anaelewa anachosema?"

"Anaelewa sana. Ana akili huyu."

"Anaelewa nini?"

"Anaelewa nini?" akasema Kasuku, kwa sauti ile ile ya Mama Siwatu.

"Umeona?" akasema Pimbi. "Anaelewa."

Kasuku akawekwa ndani ya ule ufa. Akajaziwa karanga humo humo, akatiliwa maji katika kifuu. Pimbi akamfundisha. Kwa kufundisha hakuwa mvivu, maana alifundisha akiwa amelala. "Sema: Karibu! Pita ndani! Hapa kwako!" Kasuku akasema, "Karibu! Pita ndani! Hapa kwako!"

Ehe, Mbaruku, faida hizo, sikiliza.

Kobe akaja. Hodi. "Karibu! Pita ndani! Hapa kwako!" Kobe akaingia. Kanga akaja. Hodi. "Karibu! Pita ndani! Hapa kwako!" Kanga akaingia na wanawe wote. Sungura akaja bila shida yoyote, kuja tu kusikia. Pori zima likasema, Pimbi ni muungwana, nyumba ya Pimbi haina mlango uliofungwa. Pimbi akavimba kwa sifa. Wageni wakala, wakanywa, wakashukuru. Wakamshukuru Pimbi.

Na hasara? Hasara alizijua Mama Siwatu. Kasuku anakula karanga moja, anaangusha mbili, kacha kacha, maganda chini. Anaoga katika maji ya kunywa, chubwi, nusu iko sakafuni. Alfajiri watu wamelala, yeye anapiga mayowe. Na kibaya zaidi, ameokota na maneno mengine, yale ambayo hakufundishwa. Mama Siwatu akiinama kufagia maganda, anasikia sauti yake mwenyewe ukutani: "Kuni hakuna, maji hakuna!"

"Mwondoe ndege huyu," akamwambia mumewe.

"Heshima yote hii tuliyoipata, nimwondoe?"

"Chui je, akija?"

"Kasuku atajua."

Siku ikafika. Mchana, jua kali. Ajabu ya siku hiyo, wote wako ndani. Mama Siwatu anapika, Pimbi amefuata harufu, Siwatu anacheza chini ya ufa. Nje ikasikika nyata, nyata, nyata. Mama Siwatu akachungulia. Miguu ya madoadoa.

Akaweka kidole mdomoni. Pimbi akabana pumzi. Siwatu akabana pumzi.

"Hodi," akasema Chui.

Jii.

"Hodi wenyewe."

"Karibu! Pita ndani! Hapa kwako!"

Chui akashtuka. Tangu azaliwe hajaambiwa karibu. Akatazama nyuma, pengine anaambiwa mwingine. "Mimi?" akauliza.

"Pita ndani! Hapa kwako!"

"Kwangu? Jamani, nyie watu wema." Akapangusa miguu, akaingia.

Pimbi na mkewe wakachomoka kwa upenyo wa nyuma, prrr, mpaka kwenye kichaka cha miiba. Wakahema. Mama Siwatu akamtazama mumewe mikononi.

"Siwatu yuko wapi?"

"Si unaye wewe?"

"Nilidhani umembeba wewe."

"Mimi?"

Mama Siwatu akakaa chini. Hakumlaumu, maana kweli, tangu lini mtu huyu akabeba mtoto? Akajilaumu mwenyewe kwa kudhani. Akalia kwa sauti ndogo, pindo la nguo mdomoni, Chui asimsikie.

Siwatu alikuwa ndani ya ufa. Amejibana chini ya Kasuku, kwenye giza, moyo du du du. Chui akaingiza mkono, mkono hauingii. Akanusa. Akatabasamu. "Hapa kwangu," akasema, "na kitoweo changu kiko kabatini. Njaa itakitoa." Akajilaza katikati ya nyumba akangoja.

Pimbi akamkimbilia Tembo, mwenye kusimamia sheria.

"Chui yuko nyumbani kwangu, na mwanangu yumo."

"Nani alimwambia karibu?"

"Kasuku."

"Kasuku ni wa nani?"

"Wangu."

"Maneno alifundishwa na nani?"

Pimbi akatazama mawingu.

"Basi umemkaribisha wewe," akasema Tembo, akaendelea kula majani.

Pimbi akarudi. Safari hii hakutafuta jua. Akanyapa mpaka mlangoni, ajaribu kumtoa mwanawe. Na kwa mazoea, mdomo ukamponyoka: "Hodi."

"Karibu! Pita ndani! Hapa kwako!"

"Pita, ndugu yangu," akasema Chui kwa upole. "Tumekungoja."

Pimbi alikimbia mpaka kichakani bila kugusa chini.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo mambo yalipogeuka. Kulipokucha, jua likapiga mlangoni. Chui amelala chali katikati ya pango, mahali pa mwenye nyumba. Kasuku akaamka. Akatazama chini. Akaona mtu mkubwa amelala na jua limeshapanda. Kwa Kasuku mtu wa namna hiyo ana maneno yake.

"Baba Siwatu, bado umelala?"

Chui akafumbua jicho. Hamna mtu.

"Kuni hakuna, maji hakuna, mtoto atakula nini? Amka, mwanamume wewe!"

"Mama," akasema Chui, "mimi si Baba Siwatu. Mimi ni mgeni."

"Kila siku visingizio!"

Chui akainuka, akazunguka pango. Sauti ya mwanamke anaisikia, mwanamke hamwoni. Akalala upande wa pili. "Amka, mwanamume wewe!" Akaziba masikio. "Kuni hakuna!" Akanguruma. Kasuku naye akanguruma, kisha akasema, "Maji hakuna!"

Kule kichakani wazazi wakasikia. Pimbi akainamisha kichwa.

"Hivyo ndivyo unavyonisema?"

"Hivyo ndivyo unavyolala," akasema mkewe.

Na Siwatu? Kasuku anakula karanga moja, anaangusha mbili, kacha kacha. Zinamwangukia Siwatu mapajani. Kasuku anaoga, chubwi, maji yanatiririka ukutani, Siwatu analamba. Anayengojewa afe njaa anashiba. Anayengoja ndiye anayeshinda na njaa. Na kila akisinzia, anaulizwa mtoto atakula nini, wakati yeye mwenyewe hajui atakula nini.

Siku zikapita. Asubuhi moja Chui akatoka, macho mekundu, manyoya yamemsimama. Akakutana na Kobe njiani.

"Umetoka wapi, bwana mkubwa?"

"Nilikaribishwa mahali," akasema Chui. "Karibu nzuri, sijapata kuiona. Lakini mle ndani mna mke, na mke mwenyewe simwoni, na kutwa ananidai kuni."

Nyuma yake, kwa mbali, akasikia: "Karibu! Pita ndani! Hapa kwako!"

Chui alianza kukimbia.

Mama Siwatu aliingia ndani kabla vumbi halijatua. Akaingiza mkono ufani, akamtoa mwanawe. Siwatu amenenepa. Akamkumbatia, akamnusa, akacheka na kulia kwa pamoja. Pimbi akaja na kijiti, amfukuze Kasuku.

"Weka kijiti hicho," akasema mkewe. "Yeye alifanya yote aliyoyasikia kwetu. Atabaki. Mlangoni ndipo hataitikia tena, utakaa wewe."

Lakini mlango wenyewe ulikuwa umeharibika. Maana tangu siku ile Chui hapigi hodi. Anasema hataki tena kukaribishwa na mtu, ataingia tu, atashika atakachoshika, aondoke kabla hajaambiwa neno. Na kimya hakimwokoi yeyote. Kanga walimlaumu Pimbi, Sungura walimlaumu, na hao hao ndio waliokula karanga zake wakimsifu.

Ndiyo maana hadi leo, ukipita penye majabali, utamwona pimbi mmoja amekaa juu peke yake, macho pande zote. Akiona madoadoa anapiga ukelele, wiik, wote ndani. Ukimuuliza anafanya nini, atakwambia anaota jua. Mwache aseme hivyo, ana aibu yake.

Funzo lake ndilo hili, na nalisema waziwazi ili mtu asije kuniuliza kesho: mlango wako uuitikie mwenyewe, kwa macho yako mwenyewe. Usimwachie kazi hiyo asiyejua mgeni na chui wanatofautianaje, hata akisema kwa sauti tamu namna gani.

Na wewe Mbaruku, faida ya kasuku ni kwamba anasema, na hasara yake ni kwamba anasema. Kafuge ukipenda. Ila kwanza kaa usikilize anayokwambia mkeo kila asubuhi, maana hayo ndiyo tutakayokuja kuyasikia sisi tukipita kwako. Umeona, sasa hacheki tena.

Hadithi yangu imeishia hapo, mlangoni kwa Pimbi. Anayetaka nyingine, kesho aje, na apige hodi kwa mdomo wake.