Zimwi Lililouliza Habari

Sogeeni karibu, ngano imebisha hodi.

Mwaka wa njaa, zimwi liliingia kijijini. Lilimeza kitu cha mtu, kisha likamwuliza habari. Watu walipomlaani Mungu, tumbo la zimwi lilipanuka, likapata nafasi ya kumeza zaidi.

Likafika kwa Mize. Likammeza mbuzi wake wa mwisho. "Habari gani, mama?"

"Njema, alhamdulillahi."

Tumbo likanguruma. Zimwi likammeza mumewe. "Habari gani, mama?"

Mize akauma kanga. "Njema. Alhamdulillahi."

Tumbo halikupanuka; likakazana kama ngoma. Zimwi kwa hasira likamnyakua mwanawe Kombo, analia "Mama! Mama!", likammeza. "Na sasa je, mama? Habari gani?"

Loo! Mize alianguka kifudifudi. Ulimi ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia.

"Habari si njema," akasema, "lakini Mungu ni mwema. Alhamdulillahi."

Tumbo likapasuka, pwaa! Kombo akatoka mzima. Nyuma yake ikatoka mifupa ndani ya kanzu ya baba yake, ambaye tumbo lilikuwa limekwisha kumsaga.

Mize akaiosha mifupa, akaizika. Kisha, kwa kuwa hapakuwa tena na wa kumwuliza habari, akalia.