Kibarua cha Machela

Hapo zamani, enzi za Sultani Kibwana, palikuwa na mtu mmoja jina lake Vuai, fukara hana mbele wala nyuma, ila ulimi wake ulikuwa na makali. Shemejiye, Pandu, alikuwa mchukuzi wa machela ya Sultani, yaani kile kitanda cha nguo alimojilaza mfalme raha mustarehe huku mabega ya watu wanne yakiumia. Pandu alimbeba tangu ndevu zake nyeusi hata zikaota mvi. Basi siku moja akateleza, akavunjika mguu.

Mkewe akaenda kwa Sultani kuomba dawa na chakula, maana watumishi wa nyumba ya Sultani walilishwa na kutibiwa hata wakiugua. Waziri akamwambia kuwa Pandu si mtumishi wa nyumba. Ni kibarua, na haki ya kibarua ni ujira wa siku, jua likitua hakuna anayemjua. Yule mama akarudi mikono mitupu, na mguu ukaanza kuoza. Ajabu ya waziri yule! Pandu alipotakiwa kuamka alfajiri alikuwa mtu wa nyumbani, alipotaka uji akawa kibarua.

Vuai aliposikia alichukia mno. Akaenda kuomba nafasi ya shemejiye, na kabla ya kushika mti wa machela akapiga magoti mbele ya baraza, akauliza ameajiriwa kwa kazi ya namna gani.

"Kibarua," akasema Sultani. "Toka jua kuchomoza hata kutua. Baada ya hapo hatukudai, wala hutudai."

"Nimesikia na kutii, bwana wangu."

Ikawa siku ya arusi ya jumbe mmoja wa ng'ambo ya bonde, na Sultani akachelewa kutoka kwa kujipaka manukato. Wakaingia mashamba ya mpunga, waziri akifuata kwa miguu, joho amelipandisha magotini. Walipofika katikati ya tope, jua likatua. Basi Vuai akawakonyeza wenzake, na machela ikashushwa polepole, kwa adabu zote, matopeni. Mfalme akazama hata kiunoni, na ruba wakamkaribisha.

Sultani akaamrisha ainuliwe, akatishia kukata vichwa. Vuai akainama.

"Bwana wangu, jua limetua. Kibarua akiendelea atakuwa amevunja amri yako. Kazi ya saa hizi ni ya watumishi wa nyumba. Waite."

Sultani akatazama huku na huku. Watumishi wa nyumba walikuwa nyumbani wanakula. Ruba mmoja akamnasa pajani. Basi akaapa, mbele ya waziri, kwamba wachukuzi wote tangu saa ile ni watu wa nyumba yake.

"Na Pandu?"

"Na Pandu. Apelekewe mganga na chakula leo hii. Niinueni."

Wakamwinua. Sultani akajipangusa tope huku akitafuta wa kumlaumu, maana wafalme hawakosi, hukoseshwa na mawaziri.

"Nawe uliyenifundisha haya," akamwambia waziri, "tangu leo u kibarua."

Wakaenda zao wakamwacha amekwama. Mganga akafika kwa Pandu usiku ule, na mguu ukapona. Asubuhi yake waziri akaja mlangoni kwa Vuai, tope limemkaukia, akauliza kwa unyonge kama kuna nafasi ya kubeba machela, maana amesikia ni kazi ya kudumu.