Mjane Aliyewapangia Wakubwa Zamu

Wiki iliyopita mwalimu wetu wa mahusiano ya kimataifa aliuliza: nchi ndogo imewahi kuifundisha nini dunia? Tulikuwa themanini na wawili darasani. Wote tukainamia madaftari. Nami niliinama, wapendwa, kwa hiyo hasira ya leo naianzia kwangu.

Kulikuwa na mjane mwenye kisima, katikati ya wafugaji wawili wakubwa wasiosalimiana. Mmoja akaja na mkuki. "Mama, mfungie yule maji. Ukikataa, ng'ombe wangu watapita juu ya mahindi yako."

"Na yeye jana kasema hivyo hivyo. Nikimfungia, kesho kisima ni chako, si changu tena. Hapa watu wananywesha kwa zamu, na anayekuja na mkuki ni wa mwisho."

"Wewe nani wa kunipangia zamu?"

"Mwenye kamba na ndoo. Ng'ombe wako wana kiu, baba, au tuendelee kuongea?"

Yule bwana akawatazama ng'ombe wake, akaweka mkuki chini. Mwezi haukuisha, na mwenzake naye akaanza kuja mikono mitupu.

Akapita msomi mmoja, akakaa siku tatu akiandika. Kikatoka kitabu kinene kuhusu namna mnyonge anavyowafunga wenye nguvu kwa kanuni. Jina la mjane halimo.

Miaka ikapita. Binti wa mjane akafika chuo, akakutana na swali kwenye mtihani: mnyonge anawafungaje wenye nguvu? Akaeleza kisima cha mama yake. Mnajua alipata nini? Sifuri, na wino mwekundu pembeni: "Hizi ni habari za kijijini. Soma kitabu."

Mnaguna? Ngojeni. Binti akarudia mtihani. Safari hii akanukuu kitabu, mama yake hakumtaja hata kwa nusu mstari. Akapata alama ya juu kuliko wote, akamshukuru Mungu.

Sasa niambieni, nani alimfuta mjane?

Binti huyo ni sisi. Nchi yetu ndogo imekataa kuchaguliwa marafiki, imedai kanuni moja kwa mkubwa na mdogo, na wakubwa wamelazimika kusikiliza. Halafu sisi tunaandika kana kwamba tulikuwa watazamaji. Kuficha kazi ya mzazi wako ili upate alama ni dhambi, hata kama msahihishaji amefurahi.

Insha za swali lile la mwalimu zinakusanywa Ijumaa. Naomba kila mmoja wenu atafute hotuba moja ya mjumbe wa nchi yetu, aisome yote, na amtaje kwa jina ndani ya insha yake.